Mhariri, chini ya jiwe la msingi hakuna kichwa cha mtoto

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoliandaa gazeti hili. Naomba nafasi japo najua barua yangu ni ndefu, ukiweza kuipunguza ipunguze, ila hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na naona lisiposemwa na sisi wenye kazi yetu ya msingi na kuta sijui litasemwa na nani.

Mimi ni fundi mwashi, nakaa Mbagala. Nimechimba na kujenga misingi kuanzia Chamazi mpaka Bunju, na hakuna kitu kinachonikera kwenye hii kazi kama haya maneno kwamba ukiona watu wamesimama kwenye kona ya msingi na mafuta, na sarafu, na kitabu, basi hao ni Frimasoni, ile jumuiya yenye vikao vya siri, na pale chini kuna mtoto kachinjwa. Imekuwa wimbo. Vijiweni wanasema, kwenye daladala wanasema, na nyie watu wa magazeti (sisemi gazeti lako peke yake) mnaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa KAFARA na alama ya kuuliza mbele, alafu ndani ya habari hakuna kitu, jirani kasema kasikia kwa jirani.

Nikupe mfano ambao nimeuona kwa macho yangu. Tulikuwa na saiti Kigamboni, nyumba ya mama mmoja mjane, vyumba vitatu tu na sebule. Siku ya kuanza kulaza mawe ya msingi akaja na mchungaji wake. Mchungaji akaomba, akamimina mafuta ya alizeti kidogo pale kwenye kona ya kwanza, na yule mama akaweka chupa ndogo ya plastiki, ndani yake karatasi yenye majina ya wanae, na sarafu ya mia mbili na ya mia tano, tukaifukia kwenye zege tukaendelea na kazi. Kumbe kuna kijana saidia fundi kapiga picha kairusha kwenye grupu, chini kaandika Frimasoni wanazindika nyumba Kigamboni. Mpaka saa kumi jioni saiti imejaa watu. Mjumbe kaja, mwenyekiti wa mtaa kaja, kuna wamama wamebeba watoto wao mgongoni wanalia kabisa, wanataka kona ifukuliwe. Na tukaifukua. Zege lilikuwa limeshaanza kushika, ikabidi tuligonge kwa nyundo na tindo mbele ya umati, tukatoa ile chupa imekwaruzika, mwenyekiti akaifungua akayasoma majina ya wale watoto kwa sauti mmoja mmoja. Watu wakatawanyika kimya kimya, hakuna hata mmoja aliyemwambia yule mama pole. Yeye alikaa juu ya tofali akalia mpaka giza linaingia. Hao Frimasoni hawajui wala hajawahi kuwaona.

Sasa kwa sababu hii habari inarudi kila siku, ngoja niseme hao Frimasoni wenyewe wanafanya nini wakiweka jiwe la msingi, maana hakuna siri hapo. Katika mambo yao yote hili ndio wanalolifanya hadharani kuliko yote. Vikao vyao vya loji (ndio tawi lao) kweli ni vya wanachama tu, mlango unafungwa na kuna mtu anasimama nje na upanga kuulinda. Lakini jiwe la msingi la jengo la umma wanaliweka mchana kweupe, kuna bendi, kuna meya, watoto wa shule wamepangwa mstari wanaangalia, na video zake zipo mtandaoni, mwenye bando aangalie.

Inakuwa hivi. Wanavaa aproni, ambayo asili yake ni aproni ya fundi wa mawe, wanaandamana mpaka saiti. Jiwe limeshachongwa na limening'inia kwenye winchi. Chini yake kuna shimo dogo, humo wanaweka kisanduku chenye sarafu za mwaka ule, hati, majina ya viongozi, na magazeti ya siku ile (ndio Mhariri, gazeti, kichwa cha mtu hamna). Mota inatandazwa kwa mwiko, mara nyingi mwiko wa fedha, na jiwe linashushwa taratibu. Kwa desturi linakaa kona ya kaskazini mashariki.

Alafu ndio inakuja sehemu ambayo mimi kama fundi naipenda na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kabla ya kumwaga chochote juu ya lile jiwe, wanalipima. Mkuu wao anawaita wasaidizi wake watatu mmoja mmoja. Wa kwanza anaulizwa chombo chako ni kipi, anajibu skwea, anaulizwa umeipima pale panapotakiwa kuwa na pembe mraba, anapima, anajibu kwamba nimepima na mafundi wamefanya wajibu wao. Wa pili ana pimamaji, naye anapima ulalo wake, anajibu vile vile. Wa tatu ana timazi, anapima wima. Watatu wote wakisharidhika ndio Mkuu anatangaza kwamba jiwe limechongwa sawa, ni la kweli na la kuaminika, na analigonga mara tatu kwa nyundo. Baada ya hapo ndio zinamwagwa nafaka, divai na mafuta. Nafaka kuombea shibe, divai furaha, mafuta amani. Wakimaliza, vile vipimo wanamkabidhi msanifu wa jengo, wanamwambia haya endelea na kazi. Basi, imeisha, watu wanaenda kula.

Damu hamna. Na hivyo vitu vitatu havijatoka kuzimu, fungua Biblia, 2 Mambo ya Nyakati sura ya 2, Sulemani anamwandikia mfalme wa Tiro kwamba wale vijana wake wakata miti atawalipa ngano, shayiri, divai na mafuta. Yani ni posho ya mafundi! Waliojenga hekalu walilipwa unga na mafuta, na leo hawa wanavimimina juu ya jiwe kukumbuka. Mtu anaweza akasema mimi dini yangu hairuhusu kufanya hivyo, sawa kabisa, lakini asiniambie ni kafara.

Na sio majengo ya uchochoroni waliyoyawekea mawe. Bunge la Marekani pale Washington, jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 18 Septemba 1793 na George Washington mwenyewe, rais wao wa kwanza, kavaa aproni yake ya kimasoni, wakaweka na bamba la fedha, wakamwaga nafaka, divai na mafuta, wakapiga mizinga. Kisha akachomwa ng'ombe wa ratili 500, watu wakala. Ule mwiko aliotumia upo mpaka leo, unatunzwa na loji ya Alexandria kule kule Marekani. Lenyewe lile jiwe ndio limepotea, wamelitafuta wee na hakuna anayejua kwa uhakika lipo wapi, jengo limeongezwa limepanuliwa mara nyingi na kuta zimelifunika. Ikulu yao nayo jiwe lake liliwekwa 1792 kwa utaratibu huo huo. Ile Sanamu ya Uhuru ya New York, jiwe la kitako chake liliwekwa na Frimasoni tarehe 5 Agosti 1884, mvua inanyesha, na mchongaji wake, Mfaransa Bartholdi, alikuwa mwenzao pia. Uingereza kuna kanisa kuu la Anglikana la Truro, lile ni kanisa, watu wanasali Jumapili, 1880 mtoto wa Malkia Victoria ambaye baadae akawa Mfalme Edward wa 7 aliliwekea mawe ya msingi kwa taratibu za kimasoni kwa sababu wakati ule ndiye alikuwa mkuu wao. Haya yaliandikwa na magazeti ya wakati huo, watu maelfu walishuhudia.

Kuna na sherehe yao nyingine, hii ya kuiweka wakfu loji mpya, ambayo mara nyingi inafanyika ndani na wenyewe kwa wenyewe kwahiyo ndiyo inayoongopewa zaidi. Hiyo nayo inajulikana. Wanachama waanzilishi wanasomewa hati waliyopewa na makao makuu, wanaulizwa kama wanawakubali viongozi waliotajwa humo, inafuata sala na maelezo kuhusu hiyo jumuiya, wanamimina zile zile nafaka, divai na mafuta na kwa taratibu za Waingereza wanaongeza chumvi ya uaminifu na urafiki, wanafukiza ubani, inatangazwa kwamba loji imezaliwa rasmi, na siku hiyo hiyo anasimikwa Mkuu wa kwanza. Mkatoliki aliyewahi kuhudhuria kanisa linatabarukiwa akisoma hapa anajua ninachosema, altare inapakwa mafuta ya krisma, kuta zinapakwa, ubani unafukizwa. Sisemi ni kitu kimoja, kanisa lina imani yake na wale wana yao, nasema hakuna hata kitu kimoja pale cha kumfanya mtu amfiche mwanae.

Tena sisi wenyewe ndio usiseme. Nani Dar hii anahamia nyumba mpya bila kusoma dua na kufukiza ubani? Waislamu wanajua habari ya Nabii Ibrahim na Ismail, walikuwa wanainua misingi ya ile Nyumba, Al-Kaaba, huku wanaomba dua ikubaliwe. Kanisa la Mkunazini kule Unguja, lililojengwa pale pale lilipokuwa soko la watumwa, msingi wake uliwekwa siku ya Krismasi 1873, hawakuchagua siku ile hivi hivi. Na kuna wanaochinja mbuzi wakamwaga damu kwenye mtaro wa msingi, kuna wanaoita mganga azindike kiwanja na kuzika fingo kwenye kona nne, nimefanya kazi kwenye saiti za namna hiyo nyingi tu na sijawahi kuona mtu kaja na mjumbe kudai ifukuliwe. Damu ya mbuzi tunaiona kawaida, sarafu na mafuta ya mchungaji ndio tunavunja zege!

Nijuavyo mimi hii hofu sio mpya, imebadilisha nguo tu. Wazee wa mji huu wanaijua habari ya mumiani, kwamba kuna watu wanakamata watu usiku wanawanyonya damu ya kutengenezea dawa, enzi za mkoloni sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walikuwa wanakimbia hadi gari la zimamoto. Kila daraja kubwa likijengwa utasikia nguzo imegoma kusimama mpaka ipewe vichwa, na wazazi wanawafungia watoto ndani. Zamani alikuwa mumiani, leo ni Frimasoni. Mtu akijenga ghorofa haraka, Frimasoni, msanii akinunua gari, Frimasoni, akifa pia Frimasoni.

Na hapa kuna watu wanakula kupitia hofu hii. Angalia nguzo za umeme kuanzia Mbagala mpaka Mwenge, vibandiko vimejaa, JIUNGE NA FRIMASONI UPATE UTAJIRI, namba ya simu hiyo hapo chini. Meseji zinaingia mpaka kwa wanafunzi. Mtaani kwetu kuna kijana kauza bodaboda yake akatuma hela ya fomu, akaambiwa atume ya pete, kisha atume ya kukaribishwa kwenye loji, na siku ya kukaribishwa simu haikupatikana tena mpaka kesho. Frimasoni wa kweli hawabandiki karatasi kwenye nguzo wala hawagawi utajiri. Kule kwao anayetaka kuingia anapendekezwa na wanachama wanaomjua, anapigiwa kura ya siri, lazima awe anaamini Mungu yupo, na akishaingia yeye ndio analipa ada. Wana ukumbi wao hapa hapa mjini na wapo chini ya uongozi wa Afrika Mashariki ambao nao upo chini ya London. Marehemu Sir Andy Chande aliyewaongoza kwa miaka mingi alikuwa mtu wa hapa hapa Dar, viwanda vya unga vya familia yake vilitaifishwa 1967 na yeye huyo huyo akakabidhiwa kuliongoza shirika la usagishaji, na alikuwa anaongea na waandishi wa habari waziwazi kwamba mimi ni Frimasoni, mpaka alipofariki 2017. Nyie waandishi mlimhoji wenyewe. Sasa inakuwaje yale majibu yake mnayaacha kabatini na neno la kijiweni ndio linapanda ukurasa wa mbele?

Nieleweke vizuri, simshawishi mtu ajiunge. Mimi ni Mlutheri, sio mwenzao na sina mpango. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga tangu 1738 na Novemba 2023 Vatican imerudia tena kwamba katazo liko pale pale, wanazuoni wa Kiislamu nao wamekataza. Hizo ni sababu za imani na za usiri, watu wazima wamekaa wakazisema kwa hoja zao, nazitii na kuziheshimu. Mtu anayewapinga kwa hoja hiyo sina ugomvi nae. Ugomvi wangu ni na uongo wa damu, kwa sababu huo uongo unaua watu, na hapa Mhariri naomba unisome taratibu.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa pale karibu na mtaa wa Indira Gandhi lilianguka lote, likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi ghorofa la Kariakoo likadondoka na wafanyabiashara wamo ndani, zaidi ya watu 20 wakafa, wengine walikuwa wanapiga simu kutoka chini ya kifusi, nchi nzima tumekaa tunasikiliza. Mara zote mbili, kabla hata kifusi hakijaisha kutolewa, nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wanasema mwenye jengo alikuwa Frimasoni, lile ni kafara lake la mwaka, alitakiwa atoe idadi fulani. Mara zote mbili! Na ukishasema kafara umeshamaliza, hakuna wa kuuliza nondo zilikuwa milimita ngapi, zege lilipimwa na nani, kibali kilikuwa cha ghorofa ngapi, nani alikuwa anachimba chini ya nguzo. Shetani kabebeshwa mzigo wote na binadamu aliyepunguza simenti anaenda zake nyumbani. Baada ya Kariakoo serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya pale, jambo jema, lakini kijiweni kwetu swali lilikuwa bado mwenye jengo alikuwa amejiunga au hajajiunga.

Mimi nawaambia kwa kazi ya mikono yangu kinachoangusha nyumba. Mchanga wa baharini wenye chumvi unakula nondo kimya kimya mpaka zinabanduka kama magamba. Mfuko mmoja wa simenti uliotakiwa uchanganywe na mchanga mara mbili na kokoto mara nne, tajiri anakwambia fundi ongeza karai la mchanga, ongeza na lingine, mbona fulani alitumia mifuko michache. Maji yanazidishwa ili zege liteleze kirahisi kwenye ndoo. Ringi za nguzo zinaachanishwa mbali mbali kuokoa nondo. Zege halimwagiliwi maji likikauka kwa sababu wiki hiyo Dawasa hawajatoa na hela ya boza hamna. Na juu ya yote, jengo lililochorwa ghorofa nne linaongezwa ya tano na ya sita kwa sababu mpangaji kapatikana. Hayo yote yanapimika. Zege unalijaza kwenye visanduku vya chuma vya pande sita, sentimita 15 kila upande, likishika unatoa vibunda vya zege unavipeleka maabara vinabanwa mpaka vipasuke, siku ya 7 na siku ya 28, namba inatoka kwenye karatasi. Haihitaji mganga.

Sasa rudi kwenye zile sherehe zetu za kuweka jiwe la msingi, maana hapa ndio hao Frimasoni wametuzidi na sioni aibu kusema. Kwetu jiwe la msingi ni bamba la marumaru lililobandikwa kwenye ukuta ulioshajengwa zamani, limefunikwa pazia, mgeni rasmi anavuta kamba, vigelegele, ngoma, picha, hotuba, msafara unaondoka. Bamba halibebi kitu. Unaweza ukalibandua na jengo lisijue. Jina la kiongozi lipo kwa herufi za dhahabu na tarehe, jina la fundi halipo, la mhandisi mara nyingi halipo, na hakuna mtu hata mmoja kwenye meza kuu aliyeulizwa je umepima. Kwenye sherehe ya wale, hata kama ni igizo na jiwe limeshapimwa na mafundi wenyewe siku nyingi, umma wote unasimama kusubiri jibu la watu watatu wenye vipimo kabla ya sala kuendelea. Mtoto aliyekuwepo pale anakwenda nyumbani anajua kwamba kitu kinapimwa kwanza ndipo kinabarikiwa.

Niwe mkweli, Mbio za Mwenge zina kitu kama hicho na ninawapongeza sana. Wale vijana wanafika kwenye mradi wanaomba nyaraka, wanaangalia ubora, na tumeshasikia mara nyingi wamekataa kuweka jiwe la msingi au kuzindua kwa sababu mradi una kasoro na halmashauri imebaki imeinamisha vichwa. Hiyo ndio sherehe ya msingi ninayoitaka mimi. Lakini Mwenge unapita mara moja kwa mwaka na hauingii kwenye ghorofa la mtu binafsi mtaa wa Kongo.

Na wala hivyo vipimo vitatu sio mali ya Frimasoni, wao wenyewe wanasema walivichukua kwa mafundi mawe wa zamani, Scotland kuna loji ya Edinburgh yenye kumbukumbu zilizoandikwa tangu 1599 ambapo walikuwa bado ni mafundi kweli kweli, wana mikono yenye sugu, kabla mabwana na maofisa hawajaingia. Sisi tunavyo kwenye mfuko wa salfeti kila asubuhi. Mimi nikipiga pembe ya msingi nachukua kamba, napima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, mshazari ukitoa futi 5 kamili pembe iko sawa, ukitoa zaidi au pungufu tunang'oa mambo (vile vigingi) tunaanza upya hata kama jua la saa saba linawaka. Basi Frimasoni wa Kiingereza anayemaliza muda wake wa kuongoza loji anavishwa nishani yenye mchoro wa hesabu hiyo hiyo, ile kanuni ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni. Nilivyojua hilo nilifurahi sana, kwamba hesabu ya saidia fundi wa Mbagala inavaliwa kifuani na mabwana wa London.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwako ni hili. Habari ya kafara ikikufikia mezani muulize mwandishi wako amemuona nani, amefukua wapi, na kama hajafukua popote isitoke. Mkienda kwenye uwekaji wa jiwe la msingi, liwe la shule, la zahanati au la ghorofa la tajiri, msirudi na hotuba ya mgeni rasmi peke yake, muulizeni mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja gani, mhandisi ni nani, kibali ni cha ghorofa ngapi, na majibu ya vibunda vya zege yako wapi, mkinyimwa andikeni kwamba tumenyimwa. Na yule anayetuma meseji za kujiunga na utajiri, andikeni habari yake kama mnavyoandika ya mwizi mwingine yeyote.

Mwandishi wako yeyote kijana akitaka kujifunza kusoma timazi na pimamaji aje saiti, niko tayari kumfundisha bure, haichukui hata nusu saa, na siku inayofuata ataweza kusimama mbele ya nguzo yoyote ya mji huu akajua kama imepinda.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi mwashi,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam.